Meno ya bandia yamevunjika: kuunga, kutandika upya au kutengeneza mapya?

Mtu akija na meno ya bandia yaliyovunjika, swali lake la kwanza ni bei. Langu ni: yalivunjikaje? Sisi wa upande wa maabara mara nyingi hatumwoni mgonjwa mwenyewe, tunaletewa vipande tu, lakini vipande vina habari nyingi. Pleti ya chini (meno ya bandia pamoja na kitako chake cha plastiki) iliyoponyoka mkononi ikagonga sinki na kupasuka mara mbili ni jambo dogo. Pleti ya juu iliyokatika katikati mtu akiwa anakula wali, bila kuanguka wala kuuma mfupa, ni jambo jingine kabisa. Hiyo ukiiunga na kuirudisha bila kugusa kitu kingine, utaiona tena kabla mwaka haujaisha.

Ndiyo maana watu wawili wanaweza kulipa bei ileile ya kuungiwa, mmoja akawa amefanya la maana na mwingine akawa amelipia kitu kilekile atakachokilipia tena. Hapa nalinganisha njia zilizopo nikianzia kwenye namna meno yalivyovunjika, kwa sababu bei peke yake haisemi lolote.

Kabla ya hapo, jambo la saa za mwanzo. Okota vipande vyote, hata kile kidogo unachodhani hakina kazi, uvitie kwenye kopo lenye maji safi. Usiendelee kuvaa nusu iliyobaki. Ukingo wake unakata ulimi, na kipande kidogo kinaweza kumezwa au, kibaya zaidi, kuvutwa kwenye njia ya hewa. Akriliki, ile plastiki ngumu ya kawaida inayotengenezewa pleti, haionekani kwenye eksirei, kwa hiyo kama mzee wako amepaliwa au anakohoa tangu meno yavunjike na kuna kipande hakijapatikana, mwambie daktari waziwazi kwamba kinachotafutwa ni jino la bandia. Picha safi haimaanishi kwamba kifua kiko salama.

Supagluu au benchi la maabara

Sababu ya watu kuanza na supagluu inaeleweka. Ipo duka la pili kutoka nyumbani, bei yake haifiki nauli ya kwenda hospitali ya mkoa, na Jumamosi kuna harusi. Gundi ile hushika kwa sekunde chache, na hapohapo ndipo ubaya wake ulipo: ukishagusanisha, huna nafasi ya kurekebisha. Vipande vikipishana kwa unene wa unywele tu, meno ya juu na ya chini hayakutani tena ilivyokuwa. Mtu anaanza kuuma upande mmoja, ufizi unachubuka, na pleti ambayo ilikuwa imevunjika sehemu moja inapata mkazo mahali ambapo haikuwa nao.

Isitoshe, gundi hiyo ikishakauka ni ngumu lakini haina unyumbufu, na haivumilii maji muda mrefu. Mdomo una mate usiku na mchana, kisha juu yake kuna chai ya moto. Wengi huniambia ilishika vizuri siku chache, ikaachia. Wanapaka tena. Kila wanapopaka, ukingo wa mpasuko unavikwa tabaka jipya, na wengine husugua kwa msasa ili vipande viingiane. Hapo wanakuwa wamefuta ile alama pekee inayotuonyesha vipande vilikuwa vinakaaje.

Kwenye benchi kazi inakwenda hivi. Vipande vinaunganishwa kwanza kwa nta ngumu, tukihakikisha kingo za mpasuko zinaingiana barabara. Upande unaogusa ufizi unajazwa plasta, ikikauka tunapata umbo linaloshikilia vipande pahali pake. Halafu tunafanya jambo ambalo mwenye meno akiliona hushtuka: tunaukata ule mpasuko na kuupanua, tukiacha kingo zenye mteremko, ili akriliki mpya ipate eneo kubwa la kushika. Tunajaza akriliki inayokauka yenyewe, tunaitia kwenye chungu cha maji ya uvuguvugu chenye mgandamizo wa hewa ili isibaki na vitundu, kisha tunasawazisha na kung'arisha. Ikihitajika, ndani tunaweka waya au wavu wa nyuzi za kioo.

Vipande vikiwa safi na maabara ikiwa jirani, kazi hii mara nyingi inaisha siku hiyohiyo au kesho yake. Vikija vimejaa gundi, lazima tusage mpaka tufikie akriliki safi, pengo linakuwa pana, na pengine daktari atalazimika kumwita mgonjwa achukuliwe kipimo upya. Kazi inaongezeka, na bei nayo.

Je, supagluu haina nafasi kabisa? Kwangu haina, hata kwa siku moja. Kama ni harusi, mtu bora ahudhurie bila meno akala wali na mchuzi wa nyama laini, kuliko kuipoteza pleti ambayo ingeungika vizuri. Kuna pia vifurushi vya kuungia nyumbani ambavyo watoto walioko Ulaya huwatumia wazazi. Hivyo vina akriliki ya kweli, ni afadhali kuliko supagluu, lakini tatizo la kupanga vipande kwa macho liko palepale. Vinafaa kurudishia jino moja lililong'oka kwenye pleti wakati mtu yuko mbali na kliniki. Mpasuko wa katikati usiujaribu.

Imekatika katikati: kuunga tu, au kuunga na kutandika?

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Meno yakishang'olewa, mfupa uliokuwa unayashikilia huanza kupungua. Hupungua kwa kasi zaidi katika mwaka wa kwanza, hasa miezi ya mwanzo, halafu huendelea polepole maisha yote. Taya la chini hupungua zaidi; utafiti wa miaka mingi uliochapishwa na mtafiti Tallgren mwaka 1972 ulionyesha kwamba kwa wavaaji wa seti kamili, mfupa wa chini hupungua takriban mara 4 kuliko wa juu. Pleti yenyewe haipungui. Kwa hiyo kila mwaka kunakuwa na nafasi kidogo zaidi kati ya pleti na ufizi.

Kwa pleti ya juu, nafasi hiyo hujitokeza pembeni, chini ya magego, huku katikati ya kaakaa, penye mfupa mgumu na ngozi nyembamba, hapapungui. Matokeo yake pleti inaegemea katikati, na kila mtu anapotafuna inajikunja kidogo kushoto na kulia. Ni kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa mpaka ukatike. Ufa huanzia mbele, kwenye kile kipengee kilichokatwa ili kupisha kamba ya nyama inayounganisha mdomo wa juu na ufizi, kisha unasogea nyuma taratibu kwa miezi. Siku inapokatika, chakula kilichokuwa mdomoni hakina kosa. Kiliikuta imeshachoka.

Kuna dalili ambazo mwenye meno anazijua bila kuambiwa. Pleti imekuwa ikicheza. Amekuwa akiongeza poda au krimu ya kushikilia, zamani mara moja kwa siku, sasa kila mlo. Chakula kinaingia chini yake. Pembe za mdomo zina vidonda visivyopona. Kidevu kimesogelea pua mtu akifunga mdomo.

Kama dalili hizi hazipo na pleti imevunjika kwa kudondoka, kuunga kunatosha, na mtu asikushawishi ununue mpya. Kama zipo, kuunga peke yake ni kurudisha pleti ileile kwenye mdomo uleule unaoikunja. Hapo kinachohitajika baada ya kuunga ni kutandika upya: daktari anachukua kipimo akitumia pleti yenyewe iliyokwisha kuungwa, na maabara inaongeza tabaka jipya la akriliki upande wa ndani lilingane na ufizi wa leo. Mgonjwa anakaa bila meno siku moja au mbili. Meno, rangi na namna ya kuuma vinabaki vilevile alivyovizoea, na kwa mtu wa miaka 70 na zaidi hilo lina thamani kubwa.

Bei zinatofautiana mno kati ya mji na mji, na kati ya hospitali ya umma na kliniki binafsi, kwa hiyo chukua namba hizi kama za kufanyia hesabu tu. Tuseme kuunga ni 40,000, kutandika upya ni 80,000, na pleti mpya ni 300,000. Anayeunga tu pleti inayocheza akarudi mara ya pili na ya tatu ameshatoa 120,000, na bado ana pleti inayocheza. Aliyeunga na kutandika siku ya kwanza ametoa 120,000 hizohizo, na ana pleti iliyotulia ambayo ikitunzwa itampa miaka. Aliyekimbilia mpya ametoa zaidi ya mara mbili ya hapo. Weka bei za kwenu mahali pa zangu. Mpangilio wa hesabu kwa kawaida haubadiliki.

Ipo hali moja inayovunja kanuni hii: mtu mwenye pleti kamili juu na meno yake mwenyewe chini. Meno ya asili yana nguvu kuliko ufizi unaobeba pleti, na yanaipiga pleti pahali palepale kila siku. Pleti ya namna hiyo huvunjika hata ikiwa imekaa vizuri. Hapo omba wakati wa kuunga iwekwe nyuzi za kioo au waya, na ukifika wakati wa kutengeneza mpya, fikiria yenye bamba la metali kwenye kaakaa. Ni ghali mara moja tu.

Lini useme basi, mapya

Seti ya akriliki kwa kawaida huhudumu miaka 5 hadi 10. Zipo zilizovaliwa miaka 20, na wenyewe wanazisifu, lakini ukizishika unaona magego yamelika yakawa bapa, na akriliki imekuwa na vitundu vinavyonuka hata baada ya kuoshwa. Pleti iliyoungwa mara mbili au tatu mahali palepale nayo imesema yake. Kukosekana kwa kipande kikubwa ni sababu nyingine, na ya nne ni pleti iliyochemshwa. Hii ya mwisho si utani: wapo wanaotia meno kwenye maji yanayochemka ili kuua vijidudu. Akriliki ikipata joto hilo hupinda, na pleti iliyopinda haiungiki ikakaa.

Gharama ya mapya haiishii kwenye ankara. Seti kamili iliyotengenezwa kwa utaratibu wake inamtaka mgonjwa afike kama mara 5: kipimo cha kwanza, kipimo cha pili, kupima jinsi taya zinavyokutana, kujaribu meno yakiwa kwenye nta, na kukabidhiwa. Baada ya hapo kuna kurudi kusagiwa panapouma. Anayeishi jirani na hospitali hajali. Lakini mama anayetoka kijijini na kusindikizwa na mjukuu analipa nauli za watu wawili mara 5, pengine na mahali pa kulala. Kuunga ni safari moja, na kliniki nyingi za wilayani zisizo na maabara hutuma vipande mjini kwa basi na kuvipokea kwa basi. Nimeona familia zikijadili tofauti ya bei ya pleti na kusahau nauli, wakati nauli ndiyo iliyokuwa kubwa.

Ukiamua mapya, peleka yale ya zamani hata kama ni vipande. Fundi akiyaona anajua ukubwa wa meno uliouzoea na yalipokaa. Inawezekana hata kunakili umbo lake lote na kurekebisha pale tu palipochakaa. Misuli ya mdomo na ulimi imejifunza kuishikilia pleti ile kwa miaka, na wazee wengi wanaoshindwa na meno mapya wameshindwa kwa sababu wamepewa umbo geni, ingawa kazi yenyewe ilikuwa nzuri.

Na usikubali waridi lolote utakalopewa. Fizi za wengi wetu zina weusi au kahawia, na akriliki ya waridi hafifu mtu akicheka inaonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Zipo za rangi nzito zaidi, omba uonyeshwe. Kwa rangi ya meno hali ni hiyohiyo. Kwa mtu aliyekulia Arusha au sehemu za Kilimanjaro kwenye maji yenye floridi nyingi, meno yake ya asili yana kahawia, na jino moja jeupe pe katikati yake halimsaidii.

Pleti za meno machache: akriliki, nailoni au metali

Walio na pengo la meno mawili matatu wana uchaguzi mwingine, na hapa ningependa mnunuzi aulize swali ambalo halizoeleki dukani: hii ikivunjika, itatengenezeka?

Akriliki yenye vishikizo vya waya ndiyo ya bei ya chini, nene kidogo, na inavunjika ikidondoka. Lakini kila kitu chake kinatengenezeka. Jino limetoka? Linarudishwa. Waya umekatika? Unawekwa mwingine. Umeng'olewa jino jingine la asili? Tunaliongeza kwenye pleti ileile, na mara nyingi ni kazi ya siku moja.

Nailoni, zile zinazopinda ambazo wengi huziita fleksibo, ni nzuri kwa macho. Hazina waya unaoonekana, ni nyepesi, na zikidondoka kwa kawaida hazivunjiki. Ndiyo maana zinauzika. Ubaya wake unajitokeza baadaye. Akriliki ya kawaida haishikani na nailoni, kwa hiyo meno yenyewe yamekaa humo kwa kubanwa kwenye vitundu tu, na hutoka. Kurudisha jino, kuongeza jino au kutandika upya kunataka mashine ya kuyeyusha na kusukuma nailoni, ambayo si kila maabara inayo, na mara nyingi jibu litakuwa utengeneze nyingine. Kwa kijana aliyepoteza jino moja la mbele kwa ajali na mengine yote ni mazima, siipingi. Kwa mtu mwenye ugonjwa wa fizi, au kisukari kisichotulia, ambaye huenda akapoteza meno zaidi, naiona kama deni.

Metali ya kobalti na kromu ni nyembamba, imara, na haijazi mdomo. Joto la chai linapenya, jambo ambalo baadhi hulipenda kwa sababu chakula kinarudi kuwa na ladha. Bei yake ni ya juu, na kishikizo kikikatika si kila fundi anaweza kukichomea. Usiiloweke kwenye dawa ya klorini ya kufulia, inaliwa.

Kuna kile kipleti kidogo cha jino moja kisicho na kishikizo, kinachokaa kwenye kaakaa kwa kujibana tu. Ni rahisi kuliko vyote, na ndicho kinachomezwa usingizini. Kikilegea, acha kukivaa hata kama hakijavunjika.

Vipandikizi vya skrubu kwenye mfupa nitavipita haraka, kwa kuwa kwa wengi wanaosoma hapa bei yake ni ya kiwango kingine. Ila kwa anayeteseka na pleti ya chini isiyokaa, ajue kwamba si lazima kupandikiza meno yote. Wataalamu waliokutana Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, mwaka 2002 walikubaliana kwamba vipandikizi 2 vinavyoshikilia pleti ya chini viwe ndilo chaguo la kwanza kwa taya la chini lisilo na meno. Pleti ya namna hiyo nayo huvunjika, hasa pale juu ya kipandikizi ambapo akriliki ni nyembamba, na vile vipete vya ndani vinavyobana huchakaa na kubadilishwa. Matengenezo hayaishi; yanabadilika tu.

Upeleke wapi

Kliniki binafsi yenye maabara yake ni ya haraka. Hospitali ya umma ya mkoa au rufaa ina bei ya chini na foleni. Kati ya hizo kuna kliniki za vyuo ambazo watu huzisahau: Shule ya Meno ya MUHAS (chuo kikuu cha afya) pale Muhimbili, Dar es Salaam, Hospitali ya Meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na Makerere kule Kampala. Mwanafunzi anafanya kazi mbele ya mwalimu, kwa hiyo unakaa kitini muda mrefu zaidi, lakini hatua hazirukwi. Kwa kuunga tu, sidhani kama muda huo unalipa. Kwa seti kamili ya mtu asiye na haraka, ni mahali pa kufikiria.

Mafundi wanaopita mitaani ni jambo la kuangalia kwa makini. Fundi sanifu wa meno aliyesomea anaweza kuunga pleti vizuri kabisa. Tatizo ni yule anayemimina akriliki mbichi moja kwa moja mdomoni ili "ishike". Akriliki ile ikikauka hutoa joto linalounguza, kimiminika chake kinawasha ufizi, na ikiingia kwenye mabonde ya kando ya meno ya asili haitoki bila kukatwa. Ukiona mtu anaiunganisha pleti na meno yako yaliyobaki isitoke tena, ondoka. Pleti ya kuvaa inapaswa kutoka kila usiku.

Kuhusu bima, uliza kabla ya kukaa kitini, na uliza mambo mawili tofauti: je, mnalipia matengenezo, na je, mnalipia mapya baada ya muda gani tangu yale ya kwanza? Nchini Kenya SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya, ilichukua nafasi ya mfuko wa zamani wa NHIF tangu Oktoba 2024, kwa hiyo habari ya jirani aliyetengenezewa kwa kadi ya zamani usiitegemee. Kwa mwenye mzazi Uingereza, hasa England, tofauti ya kuunga na mapya imeandikwa kabisa kwenye malipo ya NHS, huduma ya afya ya umma: kuunga meno ya bandia hakulipiwi, ilhali mapya huingia kwenye daraja la tatu la malipo, ambalo katika mwaka ulioanza Aprili 2025 lilikuwa pauni 326.70. Huko, kuharakia mapya kabla hujauliza kama yanaungika ni kujitoza mwenyewe. Marekani hali ni ngumu zaidi, kwani Medicare ya kawaida, bima ya serikali ya wazee, hailipii meno ya bandia.

Wakati unasubiri

Kama una pleti ya zamani iliyolegea, inaweza kukusogeza siku chache kwa krimu ya kushikilia, ilimradi haina ufa. Kama huna, kaa bila. Uji wa ulezi, ndizi za kupondwa, maharage yaliyoiva yakapondwa, samaki asiye na miiba, mayai, ugali laini na mlenda: mtu hafi njaa. Kinachowaumiza wengi ni kusema na kuonekana, hasa mwalimu, imamu au mchungaji, mama muuza duka. Kwa watu hao ningeshauri wakati wa kutengeneza mapya waombe yale ya zamani yaungwe pia yawe akiba. Bei yake ni ndogo ikilinganishwa na seti, na siku mapya yanapopasuka hakuna anayelazimika kufunga mdomo wiki nzima.

Halafu kuna kuosha, ambako ndiko pleti nyingi za chini zinakovunjikia. Jaza beseni maji kidogo au tandika taulo kwenye sinki kabla ya kuzitoa mdomoni. Tumia brashi laini na sabuni ya vyombo. Dawa ya meno ina chembe zinazokwaruza akriliki. Shika pleti ya chini upande mmoja kwa vidole viwili, usiibane ncha zote mbili kwenye kiganja, maana kwa kuibana hivyo unaikunja. Usiku iloweke kwenye maji baridi, mahali ambapo paka, mbwa na wajukuu hawafiki. Mbwa hupenda kuitafuna kwa sababu ya harufu, na iliyotafunwa na mbwa mara nyingi haina cha kuungwa.

Unapopeleka vipande kliniki, muulize daktari kabla hujalipa: imevunjika kwa sababu gani, na baada ya kuunga, hiyo sababu itakuwa imeondoka? Akikutajia bei bila kukuvalisha pleti ya upande wa pili na kuangalia unavyouma, au bila kutia kidole ukingoni kuona kama inacheza, una haki ya kuchukua vipande vyako ukasikilize kwa mwingine.